Ndege na Kitu Kipya: Mwongozo Kamili wa Kupima Hofu Yao Uani Kwako, Malindi

Mfugaji wa Malindi ananunua chombo kipya cha maji, chekundu, kizuri, anakiweka bandani, na kuku wanakaa nacho mbali tangu asubuhi hadi jua la utosi. Mkulima wa upande wa Gede anasimamisha sanamu katikati ya mahindi yanayochipua. Siku mbili tatu kunguru hawasogei, na ya nne mmoja anatua juu ya kofia yake. Mmoja analalamika kwamba ndege ni waoga mno, mwingine kwamba hawaogopi kitu, na wote wawili wanazungumzia jambo lilelile. Ndege akikutana na asichokijua huingiwa na hofu yenye kiasi chake, yenye muda wake na yenye sababu. Kiasi hicho kinapimika. Anayeweza kukipima ni mtu yeyote mwenye saa, daftari na subira, na akishakipima ataweza kuipunguza hofu kwa kuku wake na kuirefusha kwa kunguru.

Hofu mbili, si moja

Kabla ya kuweka chochote uani, tenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni woga wa kukaribia. Kitu kipya kipo, ndege anakiona, anasimama mbali, anazunguka, anaruka akarudi. Woga huu kwa kawaida ni wa dakika, pengine saa chache. La pili ni ugumu wa kukubali chakula. Hapa ndege ameshazoea kukiona chakula, anakikanyaga, pengine anakidona na kukiangusha, lakini hakimezi. Huu unaweza kudumu siku nyingi, hata wiki. Mtafiti Nicola Marples na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990, kwa ndege wa bustani za Ulaya waliopewa vipande vya unga uliokandwa na kutiwa rangi, kwamba haya ni mambo mawili yanayokwenda kila moja kwa njia yake. Ndege mmoja aliweza kuacha kuogopa rangi mapema sana na bado akakataa kuila, huku mwenzake wa aina ileile, mahali palepale, akiimeza siku ya kwanza.

Sababu iko wazi ukitazama wadudu wetu. Wako vipepeo wa rangi ya chungwa ambao viwavi wao hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini mwa kipepeo. Wako panzi wa rangi kali wanaotema povu chungu. Ndege anayemeza kila kinachong'aa hafiki mbali. Lakini asiyeonja jipya hata siku moja, mvua zikikosekana na chakula alichozoea kikaisha, naye hafiki. Kila ndege yuko mahali fulani kati ya hawa wawili, na kazi yako ni kujua ni wapi.

Ndege wa kuanza nao

Usikimbilie msitu wa Arabuko-Sokoke wala ukingo wa Mida kutafuta ndege adimu. Kazi hii inataka ndege wanaorudi mahali pamoja kila siku. Uani Malindi utawapata shomoro, tetere, kunguru na kuku wako mwenyewe, na ukiwa na mpapai au mkuyu karibu, shore nao watakuja.

Shomoro ni wa kutazamwa kwa makini hapa kwetu kuliko mahali pengi duniani. Aliingia Kenya kupitia Mombasa katika miaka ya 1950, kisha akasambaa taratibu kuelekea bara akifuata miji na maghala ya nafaka. Watafiti Andrea Liebl na Lynn Martin walimfuata katika njia hiyo. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2012 na 2014, shomoro wa miji ya mwisho, ambako ndege hawa ni wageni bado, walikuwa wepesi zaidi kuchunguza mahali papya na walikula chakula kigeni mapema kuliko wenzao wa Mombasa. Mgeni hana budi kujaribu. Mwenyeji anajua mkate wake uko wapi. Kwa hiyo shomoro wa pwani, waliokaa na sisi muda mrefu zaidi, ni wale waliokwisha kutulia, na usishangae wakikataa punje zako za rangi.

Kunguru ni habari nyingine. Huyu mwenye shingo ya kijivu, kunguru wa India, aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na akaonekana Mombasa mwaka 1947. Leo Malindi na Watamu zinamjua vizuri kuliko zinavyotaka. Anakula mayai na makinda ya ndege wetu, anabeba vifaranga, na kunguru wa asili mwenye kifua cheupe amesukumwa pembeni. Watu wengi wanamwona jasiri. Ukweli ni kwamba jamii ya kunguru kwa jumla ni waoga wakubwa wa vitu vipya. Alison Greggor na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba kunguru wa Uingereza walisita mbele ya vitu vigeni kuliko ndege wengine, ila wale wa mjini walikwenda haraka kwenye takataka za watu. Hapo ndipo ujasiri unaouona jaani unapotoka. Pakiti ya biskuti, kifuniko cha chupa, ganda la chipsi, kwa kunguru wa Malindi hivyo ni vyombo vya nyumbani.

Yapo pia mambo ya ndege mmoja mmoja. Mwaka 2022 Rachael Miller na wenzake walitoa vipimo vya ndege 241 wa jamii hii, wa spishi 10, na kati ya waliyoyaona ni kwamba ndege aliyesita mbele ya kitu kigeni mara ya kwanza alielekea kusita tena alipopimwa baadaye. Hutapima kunguru kwa ujumla wao. Utapima wale wa mnazi wako.

Vifaa

Sinia bapa la zamani, si jipya. Saa, na ya simu inatosha. Daftari. Mkaa au chokaa ya kuchora duara la nusu mita kuzunguka sinia. Wali uliopikwa bila chumvi wala nazi, konzi moja kwa siku, au mtama ukitaka tetere. Jiwe zito la kushikizia kila utakachoweka, kwa sababu upepo wa kusi ukivuma hapa hauchagui, na kitambaa kinachopepea ni kitu kingine kabisa machoni pa ndege kuliko kitambaa kilicholala.

Mahali pawe wazi, pasiwe na kichaka ambamo paka anaweza kujibanza, wala pasiwe chini ya dirisha la jikoni. Wewe ukae barazani au nyuma ya pazia, mbali kiasi kwamba ndege wakila hawakutazami.

Kanuni ambayo sitaki uilegeze ni kwamba mtu wa kuweka sinia awe mmoja kila siku, na asiwe yule anayewarushia kunguru mawe. Kunguru wanatambua nyuso. John Marzluff na wenzake huko Seattle, Marekani, waliwakamata kunguru wakiwa wamevaa kinyago fulani, na miaka kadhaa baadaye aliyepita na kinyago hicho bado alizomewa na kunguru wengi, hata na ndege ambao hawakuwa wamekamatwa. Kijana wa nyumbani mwenye kombeo akikuwekea sinia, utapima hofu ya kijana, si hofu ya kitu.

Ndege wa porini usiwashike. Kuwakamata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na kwa kazi hii hakuna haja. Wengi utawatambua kwa kutazama tu, kama vile unyoya uliokatika bawani, mguu unaochechemea, au mdomo uliopinda.

Hatua ya kwanza: siku tupu

Juma zima weka chakula peke yake, saa ileile, mahali palepale. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni nzuri, kabla ya jua kali. Ukishaweka, ondoka, na anza kuhesabu tangu ulipofika pa kukaa. Andika muda mpaka ndege wa kwanza anaingia ndani ya duara, na muda mpaka anadona mara ya kwanza. Andika ni ndege gani, wako wangapi wakati huo, na kuna nini cha pekee, kama mvua, mwewe angani, punda aliyepita, watoto wanaokwenda madrasa.

Kikomo kiwe dakika 30. Asipokuja ndege, andika "30+". Usiache nafasi wazi, kwa sababu kutokuja nako ni jibu.

Wengi wanataka kuiruka hatua hii kwa sababu inachosha. Bila hii, yote yanayofuata hayana maana. Ukiweka kofia kando ya chakula na shomoro akachukua dakika tisa kushuka, umejua nini? Huenda kila siku huchukua dakika tisa. Huenda jana alichukua mbili. Hofu ni tofauti kati ya siku tupu na siku ya kitu, na tofauti haiwezi kuhesabiwa kwa namba moja.

Angalizo la pwani: usianze katikati ya mwezi wa Ramadhani halafu ukaendelea baada ya Idi. Saa za kupika na kutupa makombo hubadilika mtaa mzima, na ndege wanaotegemea majaa hubadilika nazo. Anza na umalize ndani ya kipindi kimoja.

Hatua ya pili: kitu kando ya chakula

Chagua kitu chenye ukubwa wa ngumi mbili, kisichong'aa, kisicho na macho wala umbo la mnyama. Kipande cha kamba kinafanana na nyoka. Mpira wenye madoa mawili ya duara unafanana na uso. Ukitumia hivyo utapima hofu ya adui, ambayo ni kitu tofauti na ya zamani zaidi. Mimi hupendelea vitu vya kutengenezwa kwa vipande ambavyo havijapata kuwa pamoja, kwa mfano brashi ya kufulia iliyofungwa kitambaa cha zambarau, au faneli iliyotiwa ndani ya kikombe cha kijani. Usitumie chochote kinachofanana na takataka, kwa sababu niliyoeleza juu ya kunguru.

Kiweke sentimita kumi kutoka ukingo wa sinia, kizuiwe na jiwe, na fanya kama kawaida. Kesho yake iwe siku tupu. Keshokutwa siku ya kitu. Endelea kupishanisha mpaka uwe na siku nne za kila aina.

Hapa lazima uamue unapima nini. Ukirudisha kitu kilekile kila mara, unapima kuzoea, yaani muda utashuka kutoka siku ya kwanza hadi ya nne, na kasi ya kushuka ndiyo jibu lako. Ukileta kitu kipya kila mara, unapima hofu ya upya wenyewe, na muda usitarajie ushuke sana. Mambo haya mawili usiyachanganye katika jedwali moja.

Ongeza siku mbili za kifuu. Kifuu cha nazi ni kitu ambacho kila ndege wa Malindi amezaliwa akikiona. Kiweke palepale ulipoweka brashi. Ndege wakichelewa hata kwa kifuu, basi kinachowasumbua si ugeni. Ni kwamba kitu chochote kimewazibia njia ya kutua au kuona upande wa pili. Hapo sogeza mbali kidogo na uanze tena.

Namna ya kusoma mwendo wa ndege

Saa peke yake haitoshi. Shomoro mwenye hofu hutua mbali, husimama wima mwili ukiwa mwembamba, hufyatua mkia, hudona punje ya ukingoni na kurukia ukutani kuila. Kunguru huja kwa kuzunguka. Hutembea upande upande, hunyoosha shingo huku miguu ikibaki nyuma, kisha huruka kinyumenyume kabla hata hajagusa kitu. Akifanya hivyo mara tatu nne bila kitu kumdhuru, utaona hatua zinafupika. Tetere mara nyingi hufika tu na kula, au hafiki kabisa. Sijaona ndege mgumu kumsoma kuliko yeye.

Udadisi nao uandike. Yuko ndege anayekisogelea kitu chenyewe, siyo chakula, akakidona, akakigeuza, akajaribu kukibeba. Makinda wa kunguru wa mwaka huo, ambao midomo yao bado ina wekundu ndani, ndio wanaofanya hivyo zaidi. Bernd Heinrich aliona hali hiyo kwa kunguru wakubwa wa kaskazini, ambapo wachanga huvutwa na kila kipya, na wakikua wanageuka kuwa waoga wa vitu vilevile. Usidhani kwamba udadisi ni kukosa hofu. Ndege mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana anakwenda mbele na nyuma.

Kundi hubadili kila kitu. Mmoja akishuka, wengine hufuata ndani ya sekunde. Kwa hiyo muda wa wa kwanza ndio wa kuaminika, na wa wengine ni muda wa kumwiga. Shomoro wanne waliofika pamoja hawahesabiwi kuwa vipimo vinne.

Hatua ya tatu: chakula kigeni

Sasa ondoa vitu vyote na rudisha siku tupu kama tatu hivi. Pika wali, ugawe mara mbili. Nusu iache nyeupe, nusu itie rangi ya chakula ya dukani, kisha zote mbili zianikwe zikauke sawasawa. Usitumie bizari kwa kipimo hiki, ingawa inapatikana kila jikoni. Ina rangi na harufu, na ndege akikataa hutajua amekataa kipi.

Weka visinia viwili vya aina moja, kimoja cheupe, kimoja cha rangi, punje 20 kila kimoja, vikiwa nusu mita mbalimbali. Kila siku badilisha upande, kwa maana ndege huzoea upande kama anavyozoea chakula. Andika mambo manne tofauti: aliona na kupita, alikaribia, alidona na kuangusha, alimeza. Mwisho hesabu punje zilizobaki. Endelea wiki mbili. Siku tatu hazitoshi kabisa hapa, maana ndege mgumu wa kukubali ndio kwanza atakuwa anaanza kukizoea kukiona.

Ukiona punje nyeupe zimekwisha na za rangi zipo zote siku ya kumi, huku ndege wakizikanyaga bila wasiwasi, umekutana na ule ugumu wa pili uso kwa uso. Punguza nyeupe ziwe 10, kisha 5, uone ni lini wanavuka. Usizitoe zote. Lengo ni kujua, siyo kuwashindisha njaa.

Harufu ijaribiwe peke yake, baadaye. Ndege wananusa, tofauti na walivyodhani watu wengi zamani. Marples na mwenzake Roper walionyesha mwaka 1996 kwamba vifaranga wa kuku huogopa zaidi chakula cha rangi ngeni kikiambatana na harufu ambayo wadudu wenye sumu huitoa kuonya. Ugeni wa rangi ukikutana na ugeni wa harufu, hofu huzidi. Pilipili, kwa upande wake, haitakusaidia kitu. Ndege hawasikii ukali wake kama sisi, na ndiyo maana shore humaliza pilipili shambani wakati mbuzi anazikwepa.

Vyakula vya kutotumia: chochote chenye chumvi nyingi, mabaki ya samaki wa ng'onda, chokoleti, na parachichi, ambalo ni sumu kwa kasuku na ndege wengi wa tunduni. Wali usikae juani zaidi ya kipindi chako cha kutazama, kwa kuwa huchacha upesi na huita panya. Na kama unafuga kuku, sinia la ndege wa porini liwe mbali na banda na lioshwe kwa sabuni kila siku, maana ugonjwa wa kideri husafiri kwa vinyesi na vyombo.

Hesabu

Panga muda wa siku tupu kutoka mdogo hadi mkubwa, uchukue wa katikati (ikibaki miwili katikati, chukua nusu njia kati yake). Fanya hivyohivyo kwa siku za kitu. Usitafute wastani kwa kujumlisha, kwa sababu "30+" moja huharibu hesabu yote. Tuseme wa katikati wa siku tupu ni dakika 2 na wa siku za kitu ni 9. Hofu ya shomoro wako kwa kitu hicho ni dakika 7. Kwa chakula, toa punje za rangi zilizoliwa katika zile nyeupe zilizoliwa, siku kwa siku, uichore kwenye karatasi ya mraba. Mstari ukishuka kidogo kidogo, wanakubali polepole. Ukikaa juu siku nyingi kisha ukaanguka ghafla, tafuta katika daftari nani alikula kwanza siku hiyo, kwani mara nyingi ni mmoja aliyejaribu na wengine wakamwiga.

Kuitumia kwa kuku

Hapa ndipo maarifa haya yanapookoa pesa. Mfugaji anayebadili chakula ghafla hupoteza mayai siku kadhaa, si kwa ubaya wa chakula kipya, bali kwa sababu kuku hawajakitambua kuwa chakula. Funza wa nzi, machicha ya nazi, majani ya mlonge yaliyosagwa, unga wa dagaa, vyote ni vizuri, na vyote vinaweza kukataliwa.

Anza kwa sehemu moja ya kipya na sehemu tatu za cha zamani, vikiwa vimechanganywa hasa, siyo kimoja juu ya kingine, kwa sababu kuku huchambua kwa jicho kali. Kaa hapo siku nne au tano, mpaka uone sehemu ya chini ya chombo inabaki safi. Kisha nusu kwa nusu. Usibadili chombo siku uliyobadili chakula, wala usihamishe banda. Kila ugeni uje siku yake. Ukiweza, lainisha chakula kipya kwa maji yaleyale au pumba zilezile walizozoea, ili harufu wanayoijua itangulie ile wasiyoijua.

Maji ni jambo la dharura na nalisema kwa msisitizo. Chombo kipya cha maji, hasa kile cha chuchu, ambacho kuku hukidona ndipo tone litoke, kisichukue nafasi ya cha zamani siku ileile. Kwa joto la Malindi, kuku waliogoma kunywa mchana mmoja wanaweza kufa. Weka vyote viwili kando kwa kando, lowesha chuchu ili tone lionekane, na cha zamani ukiondoe pale tu utakapomwona kila kuku, hata wa mwisho katika kundi, akinywa kwenye kipya.

Wakati bora wa kufundisha ni utoto. Kifaranga katika siku zake chache za mwanzo hudona karibu kila kitu. Baada ya hapo hofu inaingia. Ukimwonyesha mapema punje za rangi tofauti, majani, wadudu na vyombo vya maumbo tofauti, atakuwa mwepesi zaidi wa kukubali vitu vipya. Na mama yake ni mwalimu kuliko wewe. Christine Nicol na Stuart Pope waliona mwaka 1996 kwamba kuku mama akiwaona vifaranga wanakula chakula ambacho yeye anakijua kuwa kibaya, huongeza kudona na kuwaita kwenye kile kizuri. Kwa hiyo mzoeshe mama kwanza, wiki moja kabla ya mayai kuanguliwa. Vifaranga utawapata bure.

Kuitumia dhidi ya kunguru

Kwa kuku unaipunguza hofu. Kwa kunguru unataka idumu, na adui yako ni mazoea. Sanamu inayosimama mahali pamoja na nguo ileile inawafundisha kunguru kwamba haina kitu. Isimamishe pale tu mbegu zinapoanza kuchipua, siyo kabla. Ihamishe kila siku ya pili, uibadilishe umbo, mara hii iwe na mikono, mara ijayo iwe imelala, mara nyingine iwe kanga mbili tu juu ya kijiti. Daftari lako litakuambia muda wa kubadili. Kama kunguru wako walihitaji mara tatu kuzoea kitu, wewe badilisha kabla ya ya tatu. Na dungu lenye mtu wa kuamia bado halijapata mshindani, kwa sababu mtu hatabiriki.

Uzito wa hofu ya kunguru unaonekana pia katika juhudi za kumpunguza pwani. Mtego uliokamata wengi leo huweza kubaki mtupu kesho, waliobaki wakiutazama kutoka juu ya mti. Sumu maalumu iliyotumika ilichaguliwa kwa sababu haiui papo hapo. Kunguru hufa saa nyingi baadaye, mahali pengine, na wenzake hawaunganishi kifo na nyama. Na kabla ya sumu, nyama safi huwekwa siku kadhaa ili kwanza woga uishe. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja. Kazi hiyo ni ya wenye mamlaka na mafunzo. Sumu ya dukani uani kwako itaua paka wa jirani, tai na kuku wako, na kunguru wachache tu, kwa kuwa atakayeanguka mbele ya wenzake amewaonya wote.

Kilicho mikononi mwako ni kulinda vifaranga. Tenga lenye kufunika ndio ulinzi wenyewe, kwani hofu ya kitu kipya haizuii kunguru mwenye njaa siku zote. Juu ya tenga na pembeni mwake, ning'iniza vitu vyako vigeni, ukianza siku ile mayai yanapoanguliwa na siyo mapema. Badilisha kimoja kila asubuhi, usirudie mpangilio. Vifaranga wakishaota manyoya ya mabawa na kuweza kukimbilia banda, ondoa vyote siku hiyohiyo, vifungie ndani ya kapu mahali ambapo kunguru hawavioni, ili kuku atakapoatamia tena vitoke vikiwa bado vigeni.